P-Funk Majani: prodyuza ni mtunzi au fundi mitambo?

Nimekuwa kimya kwa muda, si kwa kukosa la kusema bali makaratasi ya wanafunzi yalinizidi. Leo nimerudi na jambo ambalo nililiokota kwa kinyozi.

Kinyozi wangu ni kijana wa Tanga. Kibanda chake kipo hapa Marshalltown, mitaa michache tu kutoka Gandhi Square. Kwa asiyeijua, Marshalltown ni sehemu ya katikati ya Johannesburg ambako makampuni ya dhahabu yalijenga ofisi zao zamani. Siku hizi dhahabu imebaki kwenye vibao vya historia, na katika majengo mengi tunaishi watu wa kuja. Wengine mlilisikia jina hili tarehe 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso lilipoungua usiku na kuua watu zaidi ya 70, Watanzania wakiwemo. Basi, Jumamosi hiyo simu ya kinyozi ilikuwa inapiga wimbo wa marehemu Mangwair, ule aliowashirikisha Ferooz na Mchizi Mox. Na wala si mzaha, wimbo wenyewe unaitwa "Mikasi".

Nikamuuliza, uchokozi tu wa kizee: huu katunga nani? "Ngwea, mzee." Na muziki wake? Akasimamisha mashine. "Majani huyo. Majani ndo kapika." Sasa mtunzi ni nani kati yao? Akanitazama kwenye kioo kama mtu anayeulizwa swali la mtego, akasema: "Mtunzi Ngwea. Majani kapika tu biti."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonitoa usingizi. Manake, hata sisi tuliosoma tunasema hivyo hivyo, tena kwa maandishi na tanbihi juu.

Turudi nyuma kidogo. Sisi tuliokulia na Radio Tanzania Dar es Salaam tunakumbuka namna muziki ulivyokuwa ukirekodiwa. Bendi nzima inaingia studio, inapiga kwa pamoja, fundi mitambo anapanga vipaza sauti na kuhakikisha mkanda unazunguka. Mtunzi alikuwa yule aliyeleta wimbo, na jina lake lilitajwa redioni. Lakini ndani ya bendi kulikuwa na mtu mwingine ambaye bila yeye wimbo ungebaki mashairi: mwalimu wa bendi. Pale Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, alikuwepo King Michael Enock, ambaye wenzake walimwita Ticha. Mtunzi analeta maneno na sauti ya kuimbia. Ticha anaamua gitaa liingie wapi, tarumbeta zijibu nini, na lini watu waachiwe wacheze. Kila mpenzi wa Sikinde anajua uzito wa kazi hiyo. Ila mkataba wa kuilipa kama utunzi, sijawahi kuuona.

Rapu ilipoingia Dar mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, Ticha hakuhitajika, kwa sababu midundo ilikuja imeshapikwa Marekani. Saleh Jabir, Saleh J, alipovuma mwaka 1991, alichofanya ni kuuchukua mdundo wa Vanilla Ice na kuuwekea Kiswahili. Kilichokuwa chetu pale ni maneno peke yake. Nadhani hapa ndipo sisi watu wa fasihi tulipojifunza tabia mbaya. Tuliizoea hip hop ya Kiswahili kama ushairi uliopanda juu ya muziki wa watu wengine, tukachambua vina, tukachambua misimu ya mitaani, tukachambua siasa. Muziki tukaupita kama tunavyopita jina la kiwanda kwenye karatasi ya daftari.

Kisha mambo yakabadilika haraka. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua njia kwa vituo binafsi, na mwaka 1994 zikaja Radio One na ITV. Zikatokea studio za watu binafsi: Mawingu alikokuwa Bonnie Luv, MJ ya Master J, na katikati ya miaka hiyo ya 1990 Bongo Records ya kijana Paul Matthysse, baba Mholanzi, mama Mtanzania, ambaye mitaa ilimwita P-Funk na baadaye Majani. Redio zilitaka nyimbo mpya kila wiki. Vijana walikuwa nazo kichwani, ila hawakuwa na bendi, hawakuwa na vyombo, wala hawakuwa na wa kuwafundisha kwamba ubeti wa dakika tatu bila kiitikio unamchosha msikilizaji.

Hapo ndipo mwalimu wa bendi aliporudi, safari hii akiwa peke yake mbele ya kompyuta na kinanda.

Naomba nieleze kazi yenyewe kwa wale ambao hawajawahi kuingia studio ya namna hii, maana neno letu rasmi "mtayarishaji" linapotosha. Ukisikia mtayarishaji unafikiri mtu anayepanga viti. Prodyuza wa Dar wa miaka ile alianza kwa kuunda mdundo: anapanga ngoma, besi, kinanda, sauti za kukoleza, mara nyingi kabla msanii hajafika. Msanii akija na mashairi, prodyuza anasikiliza na kuamua mdundo upi unamfaa huyu, au anatengeneza mwingine hapo hapo. Anamkatiza: ubeti huu mrefu, punguza; kiitikio hiki hakina nguvu, kaimbe fulani. Anamrekodi, anamrudisha mara nne, mara kumi, hadi pumzi zikae sawa. Halafu msanii anakwenda zake nyumbani na prodyuza anabaki kuchanganya sauti hadi usiku wa manane. Juu ya hayo studio ni yake, umeme analipa yeye, na mara nyingi ndiye anayejuana na watangazaji. Mtu mmoja alikuwa mwanamuziki, mhariri, fundi, mwenye nyumba na meneja. Hakuna cheo cha Kiswahili kinachobeba yote hayo, ndio maana mitaa ikabaki na "prodyuza", na kitenzi chake ikawa kupika.

Ukitaka kujua Majani alikuwa anapika nini, chukua "Ndio Mzee" ya Professor Jay, iliyomo katika albamu ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001. Sisi sote tumeiandikia: mwanasiasa anaahidi makubwa jukwaani na wananchi wanaitikia. Tumesifu kejeli, tumesifu ubunifu wa nafsi ya msemaji. Ni sawa. Lakini kejeli ile haifanyi kazi bila umati. Ni lazima wawepo wanaojibu, wajibu kwa mkupuo, wanyamaze kwa wakati, na shangwe yao iwe na kitu cha kijinga kidogo ili sisi tucheke wakati wao wanapiga makofi. Umati huo haukuwa uwanja wa Jangwani. Ulipangwa ndani ya studio. Kwa lugha ya tamthilia, Jay ndiye mhusika mkuu na mwandishi. Mwongozaji ni nani? Katika tamthilia hatumsahau mwongozaji. Katika wimbo tunamsahau, kha!

Au "Starehe" ya Ferooz akiwa na Professor Jay, ya mwaka 2004. Kisa tunakijua, kijana aliyeponda maisha sasa UKIMWI unammaliza. Nyimbo za UKIMWI zilikuwa nyingi sana miaka ile, nyingine zimefadhiliwa na mashirika na zinasikika hivyo hivyo, kama bango la zahanati limetiwa ngoma. "Starehe" iliwaliza watu kwenye daladala. Maneno yana sehemu yake, sibishi. Lakini mwendo wa taratibu, ile hali ya matanga inayotanda kabla mtu hajafungua mdomo, umeshaambiwa msiba upo kabla hujaambiwa nani kafa. Hayo ni maamuzi ya utunzi. Mtu aliyakaa akayafikiria.

Ongeza "Zali la Mentali", Jay na Juma Nature, kijana kapuku na binti wa kitajiri, ambamo uzito wa masimulizi ya mmoja unapokezana na sauti ya Temeke ya mwingine. Ongeza albamu ya Nature, Nini Chanzo, ya 2001. Ongeza Daz Nundaz na "Kamanda". Ongeza Jay Mo. Ongeza a.k.a. Mimi ya Mangwair, 2004, kijana aliyetokea Dodoma na kundi la Chamber Squad. Hawa hawafanani kwa sauti, kwa tabia, wala kwa mada. Lakini mtu aliyekuwa Dar kati ya 2000 na 2006 angeweza kuutambua wimbo wa Bongo Records sekunde kumi za mwanzo, rapu haijaanza. Besi nzito iliyokaa chini, kinanda chenye huzuni kidogo hata kwenye wimbo wa sherehe, na nafasi. Majani alikuwa anaacha nafasi. Maneno ya Kiswahili ni marefu, silabi zetu zote zinataka kutamkwa kamili, si kama Kiingereza kinachomeza nusu ya neno. Mdundo uliojaa vitu unaziba silabi. Ule wa Majani ulizipisha. Hili ningependa wataalamu wa fonolojia mlishughulikie kwa vipimo, mimi sikio langu ni la mzee.

Sasa jambo dogo ambalo watu wa tenzi mtalipenda. Mnajua desturi ya washairi wetu, mwishoni mwa utenzi mtunzi anajitaja, anataja kwao, pengine na tarehe, asije mtu akaidai kazi. Wasanii wa Bongo Records walikuwa wakimtaja Majani ndani ya nyimbo zao, mwanzoni au katikati, kwa jina lake au la studio. Vijana waliona ni mbwembwe. Mimi nasema ilikuwa tamati, na kwa nyimbo nyingi ndiyo hati pekee iliyobaki ya nani alitengeneza nini. Kaseti chache nilizo nazo mimi mwenyewe, makasha yake baadhi yana picha ya msanii, orodha ya nyimbo na jina la msambazaji, basi. Aliyeupiga muziki humwoni popote. Unamsikia tu akitajwa na mwenzake.

Hapa inabidi nikiri dhambi. Miaka kama kumi na tano iliyopita nilichapisha makala kuhusu nafsi ya msemaji katika Bongo Fleva. Nilinukuu nyimbo 12. Juzi, baada ya kutoka kwa kinyozi, niliitoa kabatini nikahesabu: 7 kati ya 12 ni za Bongo Records. Jina la P-Funk halimo hata mara moja. Wahariri hawakuuliza, wasomaji hawakuuliza, na mimi ndo kabisa. Nilimtaja mchapishaji wa kila kitabu mpaka mji aliochapia, lakini aliyetunga nusu ya kila wimbo niliouchambua, hapana.

Mtaniambia, mzee, tanbihi haimlishi mtu. Kweli. Ila nisikilizeni kuhusu inayomlisha.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, ndiyo iliyoleta COSOTA. Ndani yake kuna watu wa aina tofauti. Yupo mtunzi, mwenye hakimiliki yenyewe, inayodumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Yupo anayetumbuiza. Yupo mtayarishaji wa rekodi, ambaye ana hakishiriki, haki ya jirani, kama mtu anayeruhusiwa kuchota maji kisimani kwa mwenzake. Sheria za namna hii zilitoka kwenye nchi zenye makampuni makubwa ya santuri, ambako mtayarishaji wa rekodi ni yule aliyegharamia na kusimamia rekodi ifanyike, kampuni, si lazima mwanamuziki. Mlete sasa Majani wa mwaka 2001. Kama alitunga muziki, ni mtunzi. Kama alipiga kinanda, ni mtumbuizaji. Kama studio ilikuwa yake na msanii hakulipa, ni mtayarishaji wa rekodi. Na kama msanii alilipa kwa wimbo, je? Wengine wangesema rekodi ni ya msanii na prodyuza alikuwa kibarua kama fundi cherehani: umeleta kitambaa, umelipa ushonaji, suti ni yako.

Mfano wa fundi cherehani ndio uliotawala. Biashara ilikwenda hivi: wimbo mmoja au miwili inapelekwa redioni, ikishika, msanii anakamilisha albamu na kuipeleka kwa wasambazaji wa Kariakoo. Msambazaji anainunua moja kwa moja au anaahidi kiasi kwa kila kaseti, na kaseti ngapi zimetoka kiwandani anajua yeye. Kila mtu alilalamika kuhusu msambazaji, na kwa haki. Lakini mezani kwa msambazaji alikaa msanii. Prodyuza hakuwa mezani. Malipo yake yalikuwa yale ya studio, kama yalilipwa, mara nyingi bila karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ana sehemu katika wimbo wenyewe.

Huku nilipo kuna kisa kinachofundisha upande wa pili. Mwaka 1939, katika studio ya Gallo hapa hapa Johannesburg, Solomon Linda na wenzake Evening Birds walirekodi "Mbube". Aliyesimamia upande wa sanaa alikuwa Griffiths Motsieloa, mtu mweusi wa kwanza kushika kazi ya prodyuza katika nchi hii. Linda alipewa shilingi kumi. Wimbo ukazunguka dunia kwa majina mengine, ukaingiza mamilioni, yeye akafa maskini 1962. Warithi wake walifikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006. Kisa hiki kinasimuliwa kama cha mwimbaji aliyeibiwa, na ndicho. Lakini angalia kilichowasaidia warithi hatimaye: hakuna aliyeweza kukana kwamba Linda ndiye aliyetunga. Neno "mtunzi" lilikaa mahali pake kwa zaidi ya miaka 60, likasubiri. Mapishi hayakai hivyo. Hakuna mahakama inayompa mtu haki kwa kuwa "alipika". Leo vijana wa hip hop wa hapa, wanaojielewa, kabla wimbo haujatoka wanaandikiana mgao: wa mashairi asilimia hii, wa mdundo asilimia hii, wanausajili SAMRO, chama kilichopo tangu 1961. Si kwamba hawadhulumiwi, wanadhulumiwa sana. Ila mwenye mdundo anaandikwa mtunzi, na anadai kama mtunzi.

Soko la kaseti lilipokufa, polepole kisha ghafla, kwa nakala za wizi, kisha kwa nyimbo za kuhamishwa kwa simu, fundi cherehani ndiye aliyeumia wa kwanza. Programu kama FruityLoops ziliingia kila chumba, studio zikawa nyingi kama vibanda vya chipsi. Wakaja wapishi wapya, Lamar, Marco Chali pale MJ, Hermy B wa B'Hits, na ladha ya mji ikahamia kwenye nyimbo za mapenzi. Majani akapungua kusikika. Wapo waliosema kaishiwa. Sikubaliani nao, manake karibu na 2020 alirudi na Bongo Records akiwa na kijana Rapcha, na ukisikiliza masimulizi ya kijana yule utasikia ule mkono wa zamani: nafasi imeachwa, neno linapita.

Lakini nyimbo zile za 2001 hadi 2006 hazikuacha kufanya kazi. Ziko mitandaoni, zinapigwa kwenye harusi, zinapigwa kwa kinyozi Marshalltown. Kila zinapopigwa mahali ambapo kuna mita inayohesabu, swali la kinyozi linakuwa swali la hela: mtunzi ni nani?

Mangwair alifia katika mji huu huu, tarehe 28 Mei 2013, akiwa na miaka 30. Nakumbuka Watanzania wa hapa walivyohangaika, simu zikiita usiku kucha, michango, habari za uongo juu ya habari za kweli. Mwanzoni mwa Juni mwili ulipokewa Dar na umati ambao viongozi wengi wasingeupata, akazikwa Morogoro. Kwa hesabu ya sheria, haki za utunzi wake zitadumu miaka 50 tangu kifo. Za mwenzake katika nyimbo hizo hizo zinategemea tu kama kuna mahali aliandikwa. Na vijana wa umri ule hawakuandikiana. Walikuwa wanatengeneza muziki, nani alikuwa anafikiria mirathi?

Kwa hiyo nina ombi, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Wengi wetu tuliondoka nyumbani na kaseti kwenye mabegi. Zimo huko darini, Minnesota, Leiden, Muscat, kwenye maboksi ambayo wake na waume zetu wanataka tuyatupe. Tafadhali msitupe. Fungueni makasha, tazameni upande wa ndani wa karatasi, na muandike kilichoandikwa pale kama kilivyo: studio, mwaka kama upo, jina lolote dogo lililobanwa pembeni. Pale pasipo na jina, sikilizeni wimbo na muandike nani anatajwa ndani, dakika ya ngapi. Mimi nimeanza na hizo 7 za kwenye makala yangu. Katika 5 anatajwa ndani ya wimbo. Hizo 2 zilizobaki bado nazitafutia kasha.